Mwani wa mwanzo kwenye mawe ya akwariamu ya maji chumvi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Ukurasa huu ni wa wenye akwariamu ya maji chumvi hapa Lubumbashi, iwe nyumbani, hotelini au mahali pa kulia chakula, ambao wameona rangi ngeni juu ya mawe katika miezi sita ya kwanza. Usianze kutafuta dawa. Anza kwa kujua ni kitu gani kimeota, kwa sababu vitu viwili vya rangi moja vinaweza kutaka matunzo yanayopingana kabisa: kimoja kinapungua ukibadilisha maji, kingine kinanenepa kwa maji hayo hayo mapya.

Nimejaza maji wiki tatu zilizopita, sasa mawe na mchanga vimegeuka kahawia. Kuna ubaya?

Karibu kila mara hizo ni diatomu, nazo ni za kawaida kabisa. Hutokea kati ya wiki ya pili na ya sita, wakati bakteria bado wanajipanga kugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Utaona vumbi la kahawia au la dhahabu lililotanda sawasawa kwenye mawe, mchanga na kioo. Ukilipitishia kidole linatoka na kuruka kama moshi majini. Halina nyuzi, halina ute unaovutika, halina harufu.

Diatomu hujenga ganda lake kwa silika, kwa hiyo hunenepa palipo na silika: mawe makavu mapya, mchanga mpya, na zaidi ya yote maji ya bomba au ya foraji (kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine) ambayo hayakupitishwa kwenye osmozi (kichujio cha utando kinachoondoa karibu madini yote). Silika ile ikishaliwa na hakuna nyingine inayoingia, vumbi linapungua lenyewe. Hilo huchukua wiki mbili hadi sita. Kazi yako ni ndogo: puliza mawe kwa pampu ndogo au bomba la sindano kubwa, nyonya vumbi la mchangani kwa mpira mwembamba unapobadilisha maji (asilimia 10 kwa wiki inatosha), osha kitambaa cha kichujio kila siku mbili au tatu, na taa zisizidi saa sita kwa siku. Usiuondoe mchanga wala kuchemsha mawe. Ukichemsha, unaua bakteria uliokuwa unawasubiri na unaanza hesabu upya.

Kama wiki ya kumi imefika na vumbi bado linarudi kila baada ya siku mbili, tatizo si umri tena. Angalia maji unayotumia kuchanganyia chumvi na kujazia yaliyokauka.

Nitautambuaje mwani bila hadubini wala maabara?

Fanya mambo manne, kwa mpangilio huu.

Kwanza, washa taa nyeupe tupu. Taa za matumbawe zina buluu nyingi, na chini ya buluu kitu cha kahawia hakionekani kwa rangi yake, na chekundu kinaonekana cheusi. Tochi ya kawaida ya mkononi inafaa kuliko taa ya bei ghali kwa kazi hii. Watu wengi hukosea hapahapa kabla hawajagusa kitu.

Pili, chukua mswaki mpya usio na dawa ya meno, usugue sehemu moja ya jiwe yenye ukubwa wa kizibo cha chupa. Tazama kinachotoka kinatokaje. Kikiruka kama vumbi, fikiria diatomu. Kikibanduka kama ngozi, kipande kizima, fikiria sianobakteria. Kikivutika kama kamasi, fikiria dinoflajelati. Kikibaki kimeshika jiwe huku nyuzi zikikatika, ni mwani wa nyuzi. Kisipotoka kabisa na hata ukucha haukikwangui, ni mwani wa chokaa, au si mwani (tutafika kwenye mawe ya kijani ya Katanga).

Tatu, nyonya sehemu hiyo hadi iwe safi na uangalie inarudi baada ya muda gani. Sianobakteria na dinoflajelati hurudi ndani ya siku moja. Mwani wa nyuzi huchukua wiki.

Nne, piga picha jiwe hilo hilo saa moja kabla taa hazijazimwa, kisha piga nyingine alfajiri kabla hazijawashwa. Kitu kinachokuwa kingi jioni na karibu kutoweka alfajiri ni dalili kubwa ya dinoflajelati.

Kuna utando mwekundu kama ngozi juu ya mawe, una mapovu. Ni mwani gani?

Si mwani wa kweli. Ni sianobakteria, bakteria wanaotumia mwanga. Rangi yao huanzia nyekundu ya divai hadi zambarau, kijani kibichi sana, hata karibu nyeusi. Alama yao ni utando ulioshikana: ukiunyanyua pembeni, wote unafuata. Hushika mapovu ya oksijeni chini yake mchana, na ukiutoa nje unanuka.

Hupenda mahali ambapo maji yamelala na takataka zimetua. Tazama ulipo: nyuma ya jiwe, kwenye kona, chini ya mahali chakula cha samaki kinapodondokea. Dawa yake ya kwanza ni mwendo wa maji. Kwenye akwariamu ya lita 200 yenye matumbawe, pampu zote za ndani zikijumlishwa zitoe lita 4,000 hadi 8,000 kwa saa, na mkondo upige mahali utando unapoota, siyo kioo. Nyonya utando kwa mpira wa milimita 6, usiusugue, kwa kuwa vipande vinavyoruka vinaota vinakotua. Rudia kila siku ya pili kwa wiki mbili. Punguza chakula, hasa kile cha barafu ambacho maji yake ya kuyeyukia yanamwagwa ndani pamoja nacho, kichuje kwanza.

Kuhusu erithromisini, ambayo kila duka la dawa mjini linayo: ndiyo, inawaua sianobakteria, lakini haichagui, inaweza kuwapiga pia bakteria wa kichujio, na utando unaokufa kwa mkupuo unakula oksijeni. Usipoondoa chanzo, utando unarudi, na sasa kichujio ni dhaifu. Sisi hatuishauri kwa akwariamu isiyofikisha mwaka.

Nitatofautishaje diatomu na dinoflajelati? Zote ni za kahawia.

Hili ndilo swali lenye gharama kubwa kuliko yote humu, kwa sababu matunzo yake yanapingana.

Dinoflajelati (wengi hufupisha: dino) zina ute. Zinaning'inia kwenye mawe kama nyuzi za kamasi ya kahawia, na kila ncha ina povu dogo. Diatomu hazining'inii. Dino hupungua sana usiku. Diatomu hukaa palepale. Aina kadhaa za dino zina sumu: ukiona konokono wamelala chali au wanakufa mmoja mmoja huku maji yakipimwa ni mazuri, shuku dino kabla ya kitu kingine.

Jaribio la kikombe: nyonya kamasi kidogo pamoja na maji ya akwariamu kwenye chupa ndogo ya kioo. Funga, tikisa kwa nguvu mpaka nyuzi zivunjike kabisa na maji yawe ya kahawia. Yachuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa ndani ya kikombe safi cha kioo, kisha kiweke kikombe chini ya taa kwa saa moja bila kukigusa. Kilichopita kwenye karatasi kikijikusanya tena kuwa nyuzi au vibonge, ni dino. Seli zao zinaogelea na kutafutana. Kikitua chini kama vumbi, hizo ni diatomu. Ukimjua mtu mwenye hadubini, labda mwalimu wa biolojia au fundi wa maabara ya hospitali, omba aangalie kwa ukuzaji wa mara 400: dino zinatembea, na aina iitwayo Ostreopsis ina umbo la tone na huzunguka kama imefungwa kwa kamba. Diatomu ni vijiti au mitumbwi yenye mistari, imetulia au inateleza polepole.

Dino huja mara nyingi pale nitrati na fosfati zimeshuka hadi sifuri. Mtu ameona diatomu, akaogopa, akabadilisha maji kila siku, akaongeza kichujio cha kuondoa fosfati, na sasa hakuna chakula cha bakteria na mwani wa kawaida ambao wangeshindana na dino. Uwanja umebaki wazi. Kwa hiyo ukithibitisha dino: acha kubadilisha maji kwa muda, ondoa kichujio cha fosfati, na pandisha nitrati hadi kati ya 5 na 10 mg kwa lita na fosfati hadi kati ya 0.05 na 0.1.

Hesabu zake kwa lita 100 za maji halisi (toa ujazo wa mawe): gramu 0.69 ya nitrati ya sodiamu safi hupandisha nitrati kwa 5 mg/L. Kwa fosfati, yeyusha gramu 1.43 za KH2PO4 (fosfati ya potasiamu) safi katika lita moja ya maji ya osmozi. Mililita 5 za maji hayo huongeza 0.05 mg/L. Pima kila siku, maana mawe makavu hunyonya fosfati na kesho utakuta imeshuka tena. Usitumie mbolea ya shambani: ina amonia, na nyingine ina shaba na zinki.

Unapozinyonya dino, pitisha maji kwenye kitambaa kizito kinachobana kabisa, kisha rudisha maji yale yale ndani. Taa ya UV kwenye bomba husaidia kwa Ostreopsis, kwa sababu usiku huacha mawe na kuelea. Kwa aina zinazoishi mchangani haisaidii sana.

Na kijani? Kijani ni kibaya?

Utando mwembamba wa kijani kwenye kioo na mawe, ule unaofutwa kwa sumaku ya kioo kila siku ya pili au ya tatu, ni habari njema. Maana yake diatomu zimeachia nafasi na akwariamu inasonga mbele. Uache kwenye mawe, konokono wataula.

Nyuzi za kijani ni jambo lingine. Zikiwa fupi, chini ya sentimita moja, laini na zinakatika kwa vidole, zing'oe kwa mkono huku ukishika mdomo wa mpira wa kunyonyea karibu nazo ili vipande vitoke nje. Usingoje zifike sentimita tano. Zinapokuwa ndefu zinanasa takataka, na takataka hizo ndizo zinazozilisha.

Angalia umbo kwa kioo cha kukuza. Nyuzi zilizonyooka, zisizo na matawi yaliyopangika, ni za kawaida na zinatawalika. Zikiwa na matawi madogo pande mbili kama unyoya wa kuku, hiyo ni Bryopsis, na inafaa jiwe hilo litolewe na kutibiwa peke yake mapema kabla haijasambaa. Vipira vya kijani kibichi vinavyong'aa, vya ukubwa wa punje ya mtama hadi zabibu, ni mwani wa mapovu (Valonia na jamii zake). Vibandue vizima, bila kuvipasua ndani ya akwariamu, maana kilichomo kinaweza kuotesha vingine.

Madoa ya waridi na zambarau yasiyotoka hata nikikwangua?

Ni mwani wa chokaa. Uache, uufurahie. Unafunika jiwe na kuchukua nafasi ambayo mwani mbaya angeitaka. Unahitaji kalisi ya 400 hadi 450 mg/L, magnesi ya 1,250 hadi 1,350, na alkalini ya kati ya 8 na 9 dKH (nyuzi zake za kipimo) isiyopandapanda na kushuka. Kwa aliyeanza na mawe makavu tupu, hautatokea mpaka mbegu yake iletwe, kwa kawaida juu ya ganda la konokono au jiwe kutoka akwariamu nyingine.

Jiwe langu la kijani lilikuwa hivyo tangu nilinunue. Ni mwani uliokauka?

Hapa Lubumbashi swali hili lijibiwe kwa uangalifu mkubwa. Jiwe la kijani la Katanga ni malakiti, yaani kaboneti ya shaba. Ni zuri, linachongwa na kuuzwa kwa wageni, na mtu anaweza kuona ndilo pambo hasa la kuweka majini. Usiliweke. Shaba ni sumu kwa wanyama wasio na uti wa mgongo: konokono, kamba, matumbawe. Wanaotibu samaki wagonjwa kwa shaba hutumia 0.15 hadi 0.20 mg kwa lita katika tangi la pembeni, na konokono hufa kwa kiasi kilicho chini ya hicho. Na hao ndio wala mwani wako: wakifa, mwani unashamiri, na mwenye akwariamu anadhani shida yake ni mwani.

Tofauti kwa mkono: mwani, hata uliokauka, hutoka kwa mswaki mgumu na maji ya javeli. Malakiti haitoki, ni jiwe lenyewe, na mara nyingi ina mistari ya kijani hafifu na kijani kizito inayofuatana kwa duara. Ukilisugua kwenye sehemu ya nyuma ya kigae isiyong'arishwa linaacha mstari wa kijani hafifu. Uhakika zaidi: loweka kipande kidogo kwenye siki nyeupe usiku kucha katika kikombe cha kioo. Siki ikigeuka buluu au kijani-buluu, kuna shaba. Kisha tumbukiza msumari wa chuma uliosuguliwa kwa msasa. Ukipata ngozi ya rangi ya shaba, hakuna haja ya kipimo kingine. Siki hiyo usiimwage mahali wanyama wanakunywa.

Jiwe la aina hiyo likiwa limeshakaa ndani, litoe leo. Badilisha maji nusu, weka kaboni mpya ya kuchujia, na pima shaba kila wiki: mawe ya chokaa na mchanga huinyonya na kuiachia polepole, kwa hiyo kipimo kizuri cha kesho hakitoshi kukupa ruhusa ya kununua konokono.

Basi mawe gani ya hapa yanafaa?

Kwa uaminifu, machache sana, na sisi tunashauri usitumie yoyote usiyojua limetoka wapi. Dolomiti ya eneo hili inavutia kwa kuwa ni ngumu na ina kalisi na magnesi, lakini madini ya shaba na kobalti ya Katanga yamo ndani ya miamba hiyo hiyo ya dolomiti. Jiwe la kijivu kwa nje linaweza kuwa na mshipa wa kijani au mweusi ndani. Vibonge vyeusi vinavyong'aa vya ule mlima wa takataka za uyeyushaji karibu na bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, navyo visikaribie akwariamu: mabaki hayo yalichakatwa upya baadaye kwa sababu bado yalikuwa na kobalti, shaba na zinki.

Mawe makavu ya matumbawe au ya kutengenezwa, yanayoingia pamoja na chumvi kupitia mpaka wa Kasumbalesa, ni ghali, lakini ndiyo salama. Yaoshe, kisha yaloweke gizani kwenye pipa la plastiki la chakula lenye maji chumvi ya 35 kwa elfu, pampu moja na hita ya nyuzi 25, kwa wiki nne hadi nane. Giza ni muhimu: bakteria hawahitaji mwanga, mwani unauhitaji. Pima fosfati ya pipa kila wiki na ubadilishe maji ikizidi 0.1. Mtu anayefanya hivi huruka nusu ya matatizo ya ukurasa huu.

Maji gani nichanganyie chumvi?

Ya osmozi, yenye hatua ya mwisho ya resini (punje zinazonasa madini yaliyobaki), kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini, kikisoma 0. Maji ya bomba ya REGIDESO yana klorini, na yale ya foraji huwa magumu kwa sababu ya mwamba yanakotoka. Visima vifupi vilivyo karibu na vyoo vinaweza kubeba nitrati. Yote yanaweza kuleta silika. Kumbuka kwamba resini inapoanza kuchoka, silika ni kati ya vitu vya kwanza kupita, hata kabla kipimo cha TDS hakijapanda sana. Diatomu zikirudi ghafla kwenye akwariamu ya mwaka mmoja, badilisha resini kwanza.

Maji ya mvua, hapana. Yanapita juu ya mabati yenye zinki na vumbi la miezi yote ya kiangazi.

Na usitumie chumvi ya jikoni. Haina kalisi, magnesi wala alkalini inayotakiwa.

Kipimo kinasoma nitrati sifuri na fosfati sifuri, lakini nyuzi za kijani zinaota. Kipimo ni kibovu?

Huenda ni kizima. Mwani unakula kila kinachotoka kabla hakijafika kwenye maji unayopima. Unachopima ni mabaki ya mezani. Jiwe lenyewe pia linaweza kuwa linatoa fosfati, na nyuzi zilizolishika zinaipata palepale. Usijaribu kuushindisha mwani njaa kutoka sifuri, utaalika dino. Ng'oa kwa mkono, ongeza konokono wanaokula mwani, lisha samaki kama kawaida, na ulenge nitrati ya 2 hadi 10 na fosfati ya 0.03 hadi 0.1.

Umeme wa SNEL unakatika mara kwa mara. Unahusika na mwani?

Unahusika kwa njia mbili, na ya kwanza wengi hawaioni. Taima ya kuzungushwa kwa mkono husimama umeme ukikatika na kuendelea ilipoachia. Baada ya wiki ya kukatika saa tatu hapa, saa nne pale, taa zinawaka mpaka usiku wa manane na mwenyewe amelala. Kama chumba kina mwanga wa dirisha mchana, akwariamu inapata mwanga wa saa kumi na sita. Nunua taima yenye betri ndani, au izungushe upya kila umeme unaporudi.

Ya pili ni maji kulala. Takataka zinatua, oksijeni inashuka, viumbe vidogo vya ndani ya mawe vinakufa na kuwa mbolea. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200. Kwa kimo hicho, maji chumvi ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa yana oksijeni ya karibu 5.8 mg kwa lita, wakati pwani yangekuwa na takriban 6.7. Akiba ni ndogo. Pampu ndogo ya hewa inayojiwasha kwa betri, yenye jiwe lake la mapovu, iwe tayari siku zote. Pampu ya mkondo iunganishwe na betri kabla ya taa. Taa zinaweza kukosa siku mbili bila madhara.

Nizime taa siku tatu kumaliza mwani?

Kwa sianobakteria na dino inaweza kusaidia, ikiwa umeshanyonya vilivyo vingi kwanza. Siku tatu, akwariamu ikifunikwa kabisa kwa blanketi, pampu na mapovu yakifanya kazi muda wote. Mwani unaokufa unakula oksijeni ile kidogo tuliyoitaja. Kwa diatomu haina maana, kwa nyuzi za kijani haitoshi.

Konokono wangapi, na lini?

Baada ya amonia na nitriti kusoma sifuri kwa wiki mbili mfululizo, na baada ya utando wa kijani kuonekana. Kabla ya hapo watakufa njaa. Anza na mmoja kwa kila lita 20 au zaidi, ongeza polepole. Trochus hujigeuza wakianguka chali, ndiyo sababu tunawapendelea. Turbo wanakula sana lakini wanaangusha matumbawe yasiyogundishwa. Cerith huchimba mchanga. Wazoeshe maji kwa matone kwa muda wa saa moja au mbili, wanaumizwa na mabadiliko ya chumvi kuliko samaki.

Konokono wa Ziwa Moero, wa Tanganyika au wa mto ni wa maji matamu. Kwenye maji chumvi watakufa na kuoza.

Maji ya oksijeni (hidrojeni peroksidi) ya duka la dawa yanafaa?

Yale ya asilimia 3, ambayo chupa yake huandikwa ujazo 10, yanafaa kwa jiwe lililotolewa nje. Dondosha juu ya nyuzi, epuka matumbawe, subiri dakika mbili hadi tatu, suuza kwenye ndoo ya maji chumvi, rudisha. Nyuzi zitageuka nyeupe ndani ya siku chache, na hapo konokono wanazila kwa urahisi. Angalia asilimia kabla ya kununua, kwa maana kuna chupa kali za saluni zinazofanana nazo. Usiyamwage ndani ya akwariamu kwa kukisia.

Vitu vyeupe kwenye mawe ni mwani pia?

Hapana. Ute mweupe unaoangaza kwenye jiwe jipya ni bakteria, unaisha wenyewe kwa wiki moja au mbili. Vijiduara vyeupe vigumu vya milimita moja hadi mbili, vilivyojikunja, ni minyoo wadogo wa mirija wasio na madhara.

Wakati wa kiangazi mwani unaongezeka. Kwa nini?

Hewa ni kavu, maji hukauka haraka, na anayejazia kwa maji ya bomba anaongeza silika na madini kila siku, maana kinachokauka ni maji tu. Jazia kwa osmozi isiyo na chumvi. Vumbi jekundu nalo lina chuma, ambacho mwani unakipenda. Funika akwariamu kwa kioo au wavu mzito wakati wa kufagia. Mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi hapa. Hakikisha hita inashikilia nyuzi 24 hadi 26.

Nikitaka kumuuliza mtu anitambulishie mwani, nimpe nini?

Picha mbili za jiwe hilo hilo chini ya taa nyeupe, moja ya jioni na moja ya alfajiri, ya karibu kiasi cha kuonyesha kama kuna nyuzi, mapovu au utando. Umri wa akwariamu tangu maji yaingie. Lita halisi. Mawe yametoka wapi. Maji yanatoka wapi na TDS inasoma ngapi. Nitrati, fosfati, alkalini, chumvi na joto, pamoja na tarehe ya kuisha muda ya vipimo vyenyewe. Saa za taa, na kama dirisha linaingiza jua. Ulichokwisha kufanya, hata dawa uliyoweka mara moja ukaacha. Na ulipousugua kwa mswaki ulitokaje: vumbi, ngozi, kamasi, au nyuzi zilizobaki zimeshika jiwe.